Adhis na Kuku wa Shemeji

Kule mtaa wa Congo, Kawangware, jijini Nairobi, ukitaja jina la Adhis watu watakuambia habari za mikono yake kabla ya kukuambia habari za sura. Mkono wa kushoto ulishika shingo, wa kulia ulishika kisu, na kazi iliyobaki ilikuwa ya maji moto. Pale sokoni, nyuma ya vibanda vya viazi, alichinja na kunyonyoa kuku wa wateja kutoka asubuhi mpaka jua lilipoanza kupoa. Mteja alileta kuku hai, miguu juu kichwa chini, na kabla hajamaliza kuongea kwenye simu alikuwa amekabidhiwa nyama. Adhis hakuifanya kazi hiyo kwa huruma wala kwa ukatili. Aliifanya vile watu wanavyofua nguo.

Mikono hiyo hiyo ilikuwa myepesi kwa binadamu pia. Wakati mmoja mwizi aliingiza mkono ndani ya kizimba chake cha kuku. Adhis aliusukuma mlango ukambana kwenye kifundo, kisha akaukalia, na yeye si mwanamke mdogo, akawa anaita majirani kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mlevi mmoja aliyemshika kiuno alipigwa kwa mwiko wa ugali mpaka mwiko ukavunjika, halafu akadaiwa mwiko mwingine. Plot nzima, yaani wapangaji wote wa ua ule, ilicheka mpaka ikashika mbavu. Hapo ndipo majirani wanapomharibu mtu. Ukimpiga anayestahili wanakuchekea, nawe unaanza kudhani mkono wako una akili.

Kuku wake mwenyewe walikuwa kitu kingine kabisa. Alikuwa mjane, watoto wamekua na kuhamia kwao, na kuku ndio waliomngoja jioni. Waliishi nyuma ya mlango wa mwisho katika plot ya Mzee Ndungu, kwenye kizimba cha mbao na mabati kilichoinuliwa juu ya mawe ili maji ya mtaro yasiingie. Ndungu hakuweza kulalamika kuhusu harufu kwa sababu yeye naye alifuga kuku wa mayai kando ya geti, nyuma ya wavu na kufuli kubwa.

Kila Jumapili kabla ya kanisa, Adhis aliwakamata kuku wake mmoja baada ya mwingine, akawabana katikati ya magoti na kuwapekua kama askari aliyeambiwa mtu ameficha kitu. Alifunua jicho, akafungua mdomo, akainua bawa, akatazama chini ya mkia. Viroboto wanaojigandisha pembeni mwa jicho aliwapaka mafuta ya kujipaka mpaka wakakosa pumzi, kisha akawabandua kwa kucha na kuwaponda juu ya jiwe, akiwatukana kwa Kijaluo. Chawa wa chini ya mbawa aliwamaliza kwa jivu. Kuku aliyeota magamba miguuni alichovywa kwenye mafuta yaliyobaki ya kukaangia samaki. Jipu chini ya wayo alilipasua kwa wembe, akalikamua, akalifunga kitambaa, kuku akipiga kelele na yeye akimwambia, "Nyamaza. Siku ya kuchinjwa utajua hii ilikuwa kukunwa." Anayekula sana huku anakonda alipewa dawa ya minyoo. Aliyeshindikana alinyongwa papo hapo bila hotuba.

Sokoni alikuwa na sheria moja aliyoifuata kuliko mahubiri. Gambuti na aproni ya kazi hazikuvuka mlango wa nyumba yake, na kabla ya kurudi nyumbani alisugua miguu kwa maji ya dawa, kwa sababu kuku wa sokoni wanatoka kila mahali na hujui wamelala na nani. Kitu kimoja tu alikipuuza, nacho ni chanjo ya kideri, ugonjwa unaofagia kuku. Kichupa chake kinatosha kuku wengi sana, na kikifunguliwa lazima kiishe siku hiyo hiyo. Adhis aliona ni ujinga kununua kichupa kizima halafu amalizie kuwachanjia Ndungu na majirani bure.

Milango miwili kutoka kizimbani aliishi Kaloki, Mkamba mwembamba, mpole, aliyeuza dawa ya panya. Alizunguka mitaa yote, spika ikining'inia shingoni, na ndani ya spika sauti yake mwenyewe aliyoirekodi ikirudiarudia: "Panya, mende, kunguni, viroboto! Dawa iko hapa! Panya akila hasemi kwaheri!" Nyumbani aliketi mlangoni na sinia la punje za kijani, akizigawa kwenye vikaratasi. Akiwaona kuku wa Adhis wanasogea, aliwafukuza kwa ndara.

Siku moja jogoo wa Adhis, jitu la rangi ya moto lenye miiba ya miguuni mirefu kama kidole cha mtoto, liliruka likatua pembeni mwa sinia. Kaloki alilirushia ndara, ikalipata mgongoni. Adhis akatoka.

"Kaloki, hiyo jogoo imekukosea nini?"

"Adhis, funga kuku zako. Siku moja zitakula hii kitu, na utasema ni mimi."

"Ukiua kuku yangu, na mimi nakuua."

Wapangaji waliokuwa wakianua nguo walicheka. Wote walisikia maneno ya mwanamume na ya mwanamke, na kila mmoja aliyaweka mahali pake.

Haukupita mwezi, Adero akaja kumtembelea. Adero alikuwa dada wa marehemu mume wa Adhis, akikaa Kibera, Soweto West, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, alikuja na kuku kwapani, miguu imefungwa kwa kitambaa. Sasa, kuku anayetoka upande wa bwana hapekuliwi. Huwezi kumwinua mkia mbele ya shemeji yako ukatazama kama anahara. Ni kama kumkagua shemeji mwenyewe. Kuku wa sokoni Adhis alimshuku hata akiwa mzima anapiga mbawa. Huyu wa Adero hakumtazama hata jicho.

"Mbona anasinzia?" aliuliza tu.

"Ni hiyo safari, shem. Jua ilimpiga vibaya," Adero akasema.

Walikunywa chai, wakamkumbuka marehemu, wakalia kidogo, wakacheka kidogo, na Adero akarudi Kibera. Kuku akalala kizimbani na wengine. Kesho yake jioni mabawa yalikuwa yameshuka mpaka chini. Adhis akafanya kile anachofanya kila mtu Congo na Kibera na kwingine: kuku akianza kusinzia, mchinje kabla hajafa, maana akifa ni mzoga na hasara. Alimchinja, akampika, akala, na nyama ilikuwa tamu. Matumbo na maji ya kunyonyolea aliyamwaga nyuma, karibu na mtaro. Kuku wake waliyagombania, jogoo akatangulia mbele na utumbo mrefu mdomoni, wenzake wakimkimbiza. Adhis alisimama hapo akiwatazama na kucheka peke yake.

Wiki haikuisha. Tembe mmoja, kuku jike ambaye hajaanza kutaga, aliamka akihema mdomo wazi. Adhis akasema ni mafua, akampa maji ya kitunguu na pilipili. Kisha kuku mweupe, yule aliyetaga vizuri kuliko wote, shingo yake ikaanza kujisokota mpaka akawa anatazama mbinguni, akizunguka mahali pamoja bila kusimama. Adhis alimshika kichwa akakirudisha, nacho kikajisokota tena. Wawili walikufa asubuhi ile, wengine kufikia adhuhuri. Jogoo alilala ubavu, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, akajaribu kuwika na sauti ikatoka kama ya mlango. Alipokufa, Adhis aliketi chini kwenye uchafu akamlaza mapajani. Alikuwa amemlea tangu yai.

Hapo ndipo alipoona rangi. Kizimba kizima, sakafu na mbao, kilikuwa kimechafuliwa kwa kinyesi cha maji, cha kijani. Alikuwa amewahi kuona kinyesi cheupe, cha damu, cha povu. Kijani kama hiki alikuwa amekiona mahali pamoja tu, kwenye sinia la Kaloki.

Kisu kilikuwa kiunoni mwake. Mwanamke aliyepasua matumbo ya kuku wengi kuliko siku alizoishi angempasua huyu jogoo kwa muda wa kukohoa, akaona ndani mna nini. Hakumpasua. Hasira ilikuwa imeshajibu swali, na Adhis hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Kaloki alikuwa anaingia plot wakati huo, amechoka, spika bado inaimba shingoni. Adhis alimfuata akiwa amemshika jogoo aliyekufa shingoni kwa mkono wa kushoto, vile alivyozoea.

"Umeua kuku zangu."

"Nani? Adhis, wacha..."

Hakumaliza. Adhis alizungusha mkono na jogoo akaruka na mkono, miguu ikitangulia, na mwiba wa mguu wa kulia ukaingia ndani ya jicho la kushoto la Kaloki. Kaloki hakupiga kelele mara moja. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na damu ikapita katikati ya vidole ikateremka kwenye viwiko. Kisha akapiga kelele, na mlio huo ndio ulioleta watu.

Walikuja kutoka kila mlango. Wa kwanza alikuwa Brandon, kijana wa bodaboda wa chumba cha mbele, bado na helmeti mkononi.

"Nini mbaya, mathe?"

"Amewekea kuku zangu sumu. Angalia. Angalia kijani."

"Hata mimi nilimsikia akisema zitakula dawa yake," mwanamke mmoja akadakia. Mwingine akasema yeye pia alimsikia. Wote walikuwa wamesikia, na hakuna aliyedanganya.

"Leo ni kuku, kesho ni watoi wetu," Brandon akasema, akampiga Kaloki kichwani kwa helmeti.

Baada ya hapo walipiga kwa chochote kilichokuwa karibu: ndoo, mti wa kuanikia nguo, jiwe la mlangoni. Watu ambao asubuhi walikuwa wamemwamkia walimkanyaga mbavu. Spika ilianguka pamoja naye, ikapasuka upande mmoja, lakini haikuzima. Iliendelea chini ya miguu ya watu: "Panya, mende, kunguni, viroboto! Dawa iko hapa!" Mtu mmoja alicheka, na wengine wakacheka naye, wakipiga.

Brandon akamwaga mfuko wa Kaloki. Vikaratasi vikatawanyika, punje za kijani zikaonekana kwa kila mtu. Akachota ujazo wa kiganja.

"Si unasema hukuweka? Kula basi. Panya akila hasemi kwaheri. Kula tuone."

Wawili walimshika taya. Kaloki alitikisa kichwa, akabana meno, na jicho lake moja lililobaki likamtafuta Adhis katikati ya watu likamkuta. Alikuwa amesimama pale pale, jogoo mkononi. Neno moja lake lingetosha, maana kuku walikuwa wake na kesi ilikuwa yake. Hakulisema. Walimpanua mdomo wakamtia punje zile, na nyingine zikabaki zimegandia kwenye damu ya midomo.

"Leteni tairi," mtu akasema kutoka nyuma.

Neno la tairi ndilo lililomtoa Mzee Ndungu nyumbani kwake. Msidhani ni huruma. Alitoka na funguo mkononi, akasimama mbele yao na kitambi chake.

"Mkimchoma hapa, mabati yangu yote inaenda, na stima, na nyinyi wote mnalala nje leo. Mpelekeni huko barabarani."

Wakamburuta mpaka getini. Geti la Ndungu ni la chuma, jembamba, hupitisha mtu mmoja kwa wakati, na wengi wao walitangulia nje kutafuta mafuta ya taa. Aliyekuwa amemshika Kaloki miguu aliachilia ili apite. Ndungu akalivuta geti, akalifunga kwa komeo na kufuli, kundi likabaki nje na Kaloki ndani.

"Akifia kwa plot yangu, nani atashtakiwa?" aliwaambia wapangaji waliobaki. "Si mimi?"

Alimtia kwenye pikapu yake kupitia mlango wa nyuma, akamfunika gunia la chakula cha kuku, akampeleka hospitali. Kule walimwosha tumbo, wakamshona kichwa, wakamfunga mbavu. Jicho walilitoa.

Ungedhani mambo yangeishia hapo, kwamba mwenye sumu akiondoka sumu nayo huondoka. Kuku waliendelea kufa. Walikufa kwenye plot ya pili na ya tatu, ambako Kaloki hakuwahi kukanyaga. Kisha wakaanza kufa wale wa Ndungu, nyuma ya wavu na kufuli ambayo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake peke yake. Kaloki siku hizo alikuwa bado amelala hospitali na bomba mkononi.

Ndungu alimwita Wanja wa duka la dawa za mifugo, binti aliyesomea kazi hiyo. Adhis aliitwa amshikie kuku, kwa kuwa ndiye mchinjaji. Wanja alivaa glavu, akamlaza kuku wa Ndungu juu ya gunia, akampasua. Alianza na mfuko wa shingoni, ule kuku anaotunzia chakula. Ndani mlikuwa na mahindi yaliyosagwa na vijiti vya nyasi. Akapasua firigisi, akakuta mchanga. Kisha tumbo dogo lililo juu ya firigisi, na huko ndani mlikuwa na vitone vyekundu vya damu.

"Hii ni kideri," akasema. "Haina dawa. Ikishaingia imeingia."

"Si ni sumu ya yule Mkamba?" Ndungu akauliza.

"Iko wapi, mzee? Sumu ya panya ingekuwa hapa kwa mfuko. Unaona punje yoyote?"

"Na hiyo kijani?"

"Kuku akigonjeka hali chakula. Asipokula, kinachotoka ni nyongo. Ni nyongo tu." Wanja akavua glavu. "Kuna kuku mgeni aliingia hii plot kabla hazijaanza kufa?"

Ndungu akasema hajui. Adhis aliendelea kumshika yule kuku miguu, ingawa hakuwa na pa kukimbilia.

Jioni aliwafukua wake. Alikuwa amewazika nyuma kwa hasira, mmoja juu ya mwingine, na harufu ilimfanya atapike kabla ya kuanza. Akampasua jogoo. Kwenye mfuko wa shingoni palikuwa na ugali na kipande cha utumbo, bila punje hata moja ya kijani.

Alienda Soweto West kwa miguu. Alimkuta Adero mlangoni akichambua mboga, na nje ya mlango kizimba kitupu, mbao zimepakwa kinyesi cha kijani kilichokauka.

"Adero, kuku zako ziko wapi?"

"Ziliisha, shem. Zilishikwa na ugonjwa. Nyingine tuliuza, nyingine tukakula."

"Zilianza kufa kabla uniletee ile?"

Adero aliinamisha kichwa. "Ile ilikuwa imebaki nzuri. Nilikupea yenye ilikuwa nzuri. Nikasema badala ife bure, heri ikae kwako."

Mkono wa Adhis uliinuka wenyewe. Adero akafunika uso kwa viganja vyote viwili, vidole vimetanuka, na Adhis akamwona Kaloki. Mkono ukabaki juu, mzito, haujui pa kwenda. Akaushusha, akageuka, akarudi Kawangware bila kuaga. Huko njiani alilia kwa sauti, mwanamke mzima, na watu wakampisha.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume, wanasema. Lakini mjukuu huyu alikuja na sharti. Kama Adhis angenyamaza, hakuna mtu Congo angejua. Wanja hakuwa na habari za Adero, naye Ndungu, aliyetaka kuendelea kuuza mayai, alikuwa ameificha habari ya kideri. Plot ilikuwa imeridhika kwamba Kaloki ni mwuaji, na Kaloki akirudi angehama usiku kama wengine waliopigwa kabla yake, na jina hilo angelibeba mpaka kwao Mwala. Adhis alilifikiria hilo siku kadhaa. Alilala nalo akaamka nalo. Alijua pia kwamba akisema, wale vijana hawatampenda, na huenda geti la Ndungu lisiwe karibu.

Kaloki alirudi siku ya maji, foleni ya mitungi ikiwa imefika mpaka chooni. Aliingia polepole, mkono mmoja ubavuni, kitambaa cheupe juu ya jicho. Brandon alikuwepo akiosha pikipiki. Mtu akatema mate.

"Hakukuwa na sumu," Adhis akasema.

Walimtazama.

"Nimesema hakukuwa na sumu. Ni kideri. Wanja alipasua kuku, Mzee Ndungu aliona. Ililetwa na kuku ya shemeji yangu, na mimi ndiye niliichinja na nikatupia zangu matumbo. Zikakula. Mimi ndiye nilileta hii ugonjwa hapa. Kaloki hakufanya kitu. Alinionya nifunge kuku, ni hivyo tu."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye mtungi uliokuwa umejaa. Brandon alisugua gurudumu moja mahali pamoja, akainama zaidi.

Kaloki alimwendea Adhis mpaka wakawa uso kwa uso. Alikuwa amekonda mpaka kola ilikuwa inacheza shingoni.

"Ulinipiga na mkono gani?"

Adhis akaufikiria, kwa sababu alitaka kusema kweli. "Huu," akasema, akauweka wa kushoto juu ya ukingo wa tangi la saruji, kiganja chini.

Kaloki aliokota lile jiwe la mlangoni, lile lile, akalishika kwa mikono miwili, akalishusha. Mifupa ya vidole ililia, na kila mtu kwenye foleni aliisikia. Adhis alipiga magoti. Hakuuondoa mkono. Kaloki aliinua jiwe tena, akaliangalia, akalitupa mtaroni, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Safari hii hakuna aliyecheka.

Hakuhama. Ndungu alipomwuliza, alisema, "Nikihama watasema niliua hizo kuku." Alinunua spika nyingine, ya sauti ndogo, akarudi mitaani. Walionunua kwake walikuwa wachache, na hawakumtazama usoni. Adhis naye alipoteza kazi ya sokoni, kwa kuwa vidole vilipona vimejikunja, na mkono usioweza kushika shingo haufai kazi ile. Alianza kuuza mboga. Kizimba alikichoma mbao moja moja ndani ya shimo, akamwagia chokaa pale kiliposimama, akapaacha patupu mpaka mvua zikaja na kuondoka.

Kisha yeye mwenyewe, yule aliyeona ni ujinga kuwachanjia watu kuku bure, akaenda mlango kwa mlango kuwaambia majirani kwamba Wanja ana kichupa cha chanjo, kimo ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na kikifunguliwa ni lazima kiishe leo. Wenye vifaranga walete, wenye tembe walete. Wengine walimfungia mlango. Wengine walikuja, wakapanga foleni mbele ya geti la Ndungu, kila mtu na kuku kwapani.

Wanja alikuwa na plot nyingine za kuzunguka, akamwachia Adhis kichupa na kitonesheo. Kazi yenyewe ni ndogo. Unamshika kuku kichwa, unamlaza ubavu, unatia tone. Lakini inataka mikono miwili mizima, na Adhis alikuwa na mmoja na nusu. Kuku wa kwanza alimponyoka. Wa pili alimpiga bawa usoni, tone likaanguka chini. Foleni ilianza kuguna. Alijaribu kumbana wa tatu kwa magoti, kama zamani, na vidole vilivyojikunja vikakataa kushika kichwa. Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko ya kitu kingine.

Mlango wa Kaloki ulifunguka. Alitoka na ndara zake, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele ya Adhis. Akamchukua kuku kutoka magotini mwake bila salamu.

"Jicho lipi?"

"Lolote," Adhis akasema. "Moja linatosha. Lakini usimwachilie mpaka apepese. Asipopepesa haijaingia."

Kaloki alimlaza kuku ubavu, akamshika kichwa kwa vidole viwili, akainama mpaka jicho lake likawa karibu kabisa na jicho la kuku. Adhis akatia tone. Likatulia juu ya jicho, duara, likitetemeka. Wakangoja wote wawili, na foleni ikangoja nao.

"Amepepesa," Kaloki akasema, akamwachilia.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Brandon, na kuku mwekundu kwapani, helmeti mkononi. Alikuwa anatazama chini. Kaloki alimtazama, kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete yako," akasema.